Somo la Kafi si la Watalii Peke Yao

Katika matangazo ya utalii ya Afrika Mashariki kuna fungu moja la maneno ambalo sasa limekuwa la kawaida mno: safari ya mtumbwi ziwani, chini ya uangalizi wa kiongozi, inayowafaa hata wale ambao hawajawahi kushika kafi maishani mwao. Utalikuta likisifu Ziwa Duluti, lililo kwenye mteremko wa Mlima Meru nchini Tanzania. Utalikuta likisifu Ziwa Bunyonyi katika milima ya kusini-magharibi mwa Uganda, na Ziwa Kivu upande wa Rwanda. Wasomaji wengi huyapitia maneno hayo kwa haraka, kwani hudhani kwamba yanamhusu mgeni mwenye kamera na fedha za kigeni. Mimi huyasoma kwa jicho jingine. Ikiwa mtu aliyezaliwa mbali na ziwa lolote anaweza kufunzwa, kwa muda wa nusu saa tu, namna ya kukaa juu ya maji kwa usalama, kwa nini mtoto aliyezaliwa ufuoni asifunzwe? Na akifunzwa, afunzwe kwa lugha gani?

Maswali haya si ya kupitishia wakati. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji kote ulimwenguni mwaka 2021. Takriban robo ya hao walikuwa watoto wasiotimiza umri wa miaka 5, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wakazi wa nchi za kipato cha chini na cha wastani, yaani nchi kama zetu. Umoja wa Mataifa nao uliitenga tarehe 25 Julai, kuanzia mwaka 2021, kuwa siku ya kuukumbusha ulimwengu juu ya balaa hili. Sisi Wakenya hatuhitaji kukumbushwa kutoka mbali. Feri ilipozama Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 waliangamia wakiwa karibu sana na nchi kavu.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kiswahili husema "kufa maji" kama kinavyosema "kufa njaa" na "kufa baridi". Nomino inayofuata kitenzi hapo hueleza kilichosababisha kifo. Kwa hiyo lugha yetu imeyaweka maji katika safu moja na njaa. Hata hivyo, njaa tumeiundia idara, kamati, maghala na michango, ilhali maji tumeyaachia majaliwa. Mtoto akifa njaa, taifa huulizana nani wa kulaumiwa. Mtoto akifa maji, husemwa kwamba siku yake ilikuwa imefika.

Sasa tuone ni kitu gani hasa anachouziwa mtalii. Ziwa Duluti ni ziwa dogo la volkeno lililojaa ndani ya kreta ya kale, kiasi cha kilomita 15 mashariki ya mji wa Arusha, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,290 juu ya usawa wa bahari. Msitu wa hifadhi umelizunguka pande zote, na kuta za kreta hulikinga dhidi ya sehemu kubwa ya upepo. Ndiyo maana linamfaa mwanagenzi. Safari hufanywa aghalabu asubuhi, na sababu yake ni ya kisayansi. Katika nchi ya milima, jua likipanda huzipasha joto zile kuta na miteremko, hewa ikaanza kupanda, na upepo ukazidi kadiri mchana unavyoendelea. Maji yaliyokuwa kama kioo saa mbili za asubuhi huweza kuwa na mawimbi ya kumtisha mgeni ifikapo saa tisa. Wavuvi wa maziwa yetu wanalijua jambo hili tangu jadi bila kuambiwa na mtu.

Kabla ya kuingia majini, mwanagenzi hufunzwa mambo machache yasiyozidi vidole vya mikono miwili. Huvishwa jaketi la kuokoa maisha na kukazwa vifungo vyake, kwa kuwa jaketi lililolegea humpanda mtu usoni badala ya kumwinua. Huonyeshwa namna ya kupanda mtumbwini kwa kuinama na kushika kingo zote mbili, kisha kuketi upesi. Mtumbwi mwembamba hauogopi uzito ulio chini. Huogopa uzito ulio juu, na mtu anayesimama ndiye anayeupindua. Hufunzwa kulishika kafi, mkono mmoja juu na mwingine karibu na bapa, au katikati ya mpini iwapo ni kafi lenye bapa mbili kama lile la kayaki. Hufunzwa kuvuta kwa kiwiliwili chote wala si kwa mikono pekee. Mwishoni huelezwa la kufanya chombo kikipinduka: asihangaike kuogelea kwenda pwani peke yake, bali akishikilie chombo, kwa sababu hata kikiwa kimefudikizwa huelea, na mwokoaji hukiona chombo kabla ya kukiona kichwa cha mtu.

Hayo ndiyo mafunzo yote. Hayahitaji bwawa la kuogelea lenye vigae, wala mkufunzi kutoka ng'ambo. Yanahitaji mtu anayejua, jaketi, chombo kizima, maji matulivu na lugha inayoeleweka. Ni hilo la mwisho lililonifanya niiandike makala hii.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Duluti pamoja na kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa huko huko, hodari wa kazi yake na mwenye Kiswahili safi ambacho wanafunzi wangu walikionea wivu. Alitusalimu kwa Kiswahili, akatutania kwa Kiswahili, lakini alipoanza kufundisha alihamia Kiingereza. Tulipokuwa majini alipaaza sauti akatamka neno la Kiingereza lenye maana ya "kulia". Nusu ya wanafunzi wakapiga kafi upande wa kulia. Nusu nyingine wakajaribu kupinda kuelekea kulia. Anayeyajua mambo haya ataona tatizo mara moja: ukipiga kafi upande wa kulia, mtumbwi huelekea kushoto. Mitumbwi miwili ikagongana taratibu, mmoja ukajichomeka kwenye mizizi ya miti ya ufuoni, vicheko vikatawala. Yule kijana hakukasirika. Alirudia kwa Kiswahili: "Pigeni kafi upande wa kulia, mtumbwi uende kushoto." Kutoka hapo hatukupotezana tena.

Tulipotua nilimuuliza, "Kijana wangu, mbona hukuanza na Kiswahili tangu mwanzo?" Akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, hivi ndivyo nilivyofunzwa kozini. Maneno ya Kiswahili ya mambo haya sikupewa." Jibu hilo lina uzito kuliko hotuba nyingi ambazo nimezisikia katika makongamano. Kijana hakukosa lugha, ila alikosa kuambiwa kwamba lugha yake inatosha.

Je, inatosha? Nathubutu kusema kwamba katika uwanja huu Kiswahili ni tajiri kupita Kiingereza cha watalii. Tunalo kafi, linaloshikwa mikononi bila kufungwa popote, na tunalo kasia, la kuvutia mashua. Tunao upondo wa kusukumia chombo penye maji machache. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi, na mahali maji yanapojikusanya ndani ya chombo ni ngama. Kuyatoa maji hayo ni kuyafua. Vyombo vyenyewe vina majina kwa kadiri ya umbo na kazi: mtumbwi uliochongwa katika gogo moja, hori, ngalawa yenye mirengu, dau, mashua. Msamiati huu haukuundwa na kamati yoyote. Uliundwa na watu waliokuwa kazini.

Wapo watakaosema kwamba msamiati huo ni wa bahari ya chumvi na hauna kazi kwenye ziwa la milimani. Hoja hii haisimami. Neno "kafi" si mali ya pwani peke yake; mzizi wake ni miongoni mwa mizizi ya kale ya lugha za Kibantu, na Mganda wa ufuoni mwa Nyanza husema "enkasi" kwa kitu kile kile. Mababu walipiga kafi katika mito na maziwa ya bara kabla baadhi yao hawajaiona bahari. Kinyume chake, Kiingereza ndicho kilichokopa. Jina la mtumbwi mwepesi wanaouita "canoe" lilitoka kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi kupitia Kihispania. Kayaki nayo ni neno la Wainuit wa nchi za theluji, waliokiunda chombo hicho kwa ngozi za wanyama ili kuwindia sili. Waingereza hawakuona haya kukopa; wala sisi tusione haya kusema "kayaki" kwa chombo ambacho hakikuwa chetu. Lakini kuikopa kayaki hakutulazimishi kuliacha kafi letu.

Kuna jambo jingine la kiisimu ambalo walimu watalithamini. Amri ya hatari inapaswa kuwa fupi na isiyopotoshwa na upepo. Katika Kiingereza, anayekataza kusimama hutumia kitenzi kile kile cha kusimama na kukitanguliza kwa kikanushi. Upepo ukikimeza kile kikanushi, msikilizaji hubaki na amri iliyo kinyume na iliyokusudiwa. Kiswahili hukitia kikanushi ndani ya kitenzi na kubadilisha irabu ya mwisho pia. "Simama" na "usisimame" hutofautiana mwanzoni na mwishoni, kwa hivyo hata nusu ya neno ikipotea, nusu iliyosalia huendelea kuonya. Lililo bora zaidi ni kuacha makatazo na kuamuru jambo la kufanya: "Keti! Shika chombo! Vuta!" Tuyaweke pia maneno mawili tofauti kwa mambo mawili tofauti: "piga kulia" kwa kafi, na "pinda kulia" kwa chombo. Mwanagenzi wa Duluti hangechanganyikiwa.

Kutoka Duluti twende Bunyonyi, kwani huko ndiko fumbo la "mwanagenzi" linakofumbuliwa. Ziwa hilo liko karibu na mji wa Kabale, kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000, nalo lilitokea pale mtiririko wa lava ulipoziba bonde. Lina visiwa 29. Kwa wenyeji, mtumbwi wa gogo si mchezo. Ndio njia yao ya kwenda sokoni, kanisani, zahanati na shuleni. Watoto huupiga kafi kama watoto wa Nairobi wanavyokimbilia matatu. Mgeni anapoujaribu mtumbwi huo huzunguka palepale kama pia, hata mzunguko huo ukapewa jina la utani lenye neno "mzungu" ndani yake. Kwa kuwa mtumbwi wa gogo ni mgumu kuuongoza, wenye biashara wameleta kayaki na mitumbwi ya viwandani kwa ajili ya wageni.

Tafakari hali hiyo, msomaji. Kwenye ziwa moja kuna vyombo viwili. Katika chombo kimoja ameketi mgeni aliyefunzwa, aliyevishwa jaketi na kusindikizwa na kiongozi. Katika kingine ameketi mtoto wa shule ambaye ustadi wake wa kafi unamshinda mgeni mara kumi, ila aghalabu hana jaketi. Hakuna anayemsindikiza, na hakuna aliyemwambia la kufanya chombo kikipinduka. Ustadi na usalama si kitu kimoja. Mtoto anao ustadi, na mgeni amenunua usalama. Mpango wowote wa busara ungewakutanisha: mtoto amfundishe mgeni kulishika kafi, na faida inayotokana na mgeni imnunulie mtoto jaketi.

Nasi Wakenya tusijidanganye kwamba haya ni ya majirani. Kwa zaidi ya muongo mmoja maziwa yetu ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura. Ziwa Baringo limemeza makazi, mashamba na majengo ya umma, na wako wanafunzi waliolazimika kuvuka maji kwa mashua ili kufika darasani. Mwaka 2025 maji ya Ziwa Naivasha yaliingia katika mtaa wa Kihoto, na wakazi wakatoka majumbani mwao kwa mashua. Watu hao hawakulifuata ziwa. Ziwa ndilo lililowafuata. Mtu aliyezoea kudhani kwamba kujua maji ni anasa ya wenye nafasi amepaswa kulijifunza somo hilo usiku, mlangoni pake, bila kiongozi na bila jaketi.

Tukumbuke vilevile nani hufika kwanza maafa yatokeapo. Ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Viktoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 43 walikuwa ndani yake. Walionusurika walikuwa 24, na wavuvi wenye mitumbwi walikuwa wa kwanza kuikaribia. Kafi likatangulia ving'ora. Taifa linalolidharau kafi linawadharau waokoaji wake.

Zipo pingamizi, na ni haki zisikilizwe. Ya kwanza ni gharama. Shule isiyo na madawati itanunua vipi mitumbwi? Jibu ni kwamba haihitaji kuinunua. Mitumbwi ipo tayari kwenye fuo zetu, nayo hukaa bure siku za katikati ya juma, wageni wanapopungua. Kinachohitajika ni mapatano kati ya shule, kaunti na wenye vyombo. Ya pili ni woga wa wazazi, na woga huo una msingi: Naivasha ina viboko, Baringo ina viboko na mamba, na hakuna mwalimu mwenye akili atakayewapeleka watoto majini ovyo. Lakini jawabu la hatari ni maarifa. Mahali salama pachaguliwe na watu wanaolijua ziwa, na pasipopatikana, somo lifanywe nchi kavu, kwa benchi na fimbo. Kuketi, kushika, kutii amri na kukishikilia chombo kilichopinduka, yote huweza kuzoezwa uwanjani kabla ya mguu kulowa.

Pingamizi ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi kitaaluma. Kwa nini Kiswahili, na si Kirukiga, Kijaluo au lugha ya Wailchamus wa Baringo, ambao wanajulikana kwa mashua zao za miti myepesi ya ziwani? Hoja hii ina ukweli. Mtoto mdogo afunzwe kwa lugha anayoiota. Sikipigii debe Kiswahili kiyafute maneno ya wavuvi hao. Nakitaka kiyaokote, kama kilivyookota siku zote. Lakini ziwa halina kabila. Katika chombo kimoja huketi Mluo, Msomali, Mkikuyu na Mtanzania, na amri ya hatari haina nafasi ya kutafsiriwa mara nne. Katiba yetu ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi huko na kifundishwe shuleni. Maamuzi hayo yasipofika mahali ambapo mtu anaweza kufa kwa kutoelewa neno, yana faida gani?

Nini basi kifanyike? Wanaotayarisha mafunzo ya viongozi wa watalii wayaandike maelekezo ya usalama wa majini kwa Kiswahili kwanza, kisha wayatafsiri kwa lugha za wageni, badala ya mwendo wa sasa ulio kinyume. Wakuza mitaala nao wanayo nafasi. Katika mtaala wa umilisi, mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo ni mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Mkondo huo usibaki kuwa wa kandanda na riadha tu katika nchi yenye bahari na maziwa. Wenye biashara za ziwani nao wawafungulie mlango wanafunzi wa maeneo yao siku chache kila muhula. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo hizi ziko karibu kuliko tunavyodhani.

Kwa mwalimu wa Kiswahili nina ombi dogo asilohitaji ruhusa ya wizara kulitimiza. Badala ya kuwakaririsha wanafunzi orodha ya misamiati ya bandarini kwa ajili ya mtihani, awachoree mtumbwi ubaoni. Waonyeshe omo na tezi. Wapange viti viwili viwili, wayashike mafagio kama makafi, na mmoja wao awe nahodha wa kutoa amri: piga kulia, pinda kushoto, keti, shika chombo. Watacheka, na somo litawakaa. Na siku maji yatakapowajia, iwe ni ziwani, mtoni au katika mtaa uliofurika, huenda neno moja kati ya hayo likawa ndilo lililomrudisha mmoja wao nyumbani.